JINO KUACHA KUUMA SIYO KUPONA



Mkulima mmoja alikuja kwenye zahanati yetu hapa Singida. Shavu lilikuwa limevimba. Alisema, "Mbona jino liliacha kuuma zamani?"

Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa. Tundu likifika hapo, jino huuma sana, hasa usiku. Nyama hiyo ikifa, maumivu hukoma. Lakini vijidudu huendelea kuingia kwenye mizizi. Huko hutunga usaha.

Vidonge vya maumivu haviponyi uozo huo. Wala usibandike aspirini kwenye ufizi. Itakuunguza.

Mimi nilimwandikia barua ya kwenda hospitali, maana zahanati hatuna vifaa. Ukifika kwa mganga wa meno, uliza kama mzizi unaweza kutibiwa badala ya jino kung'olewa. Atakuchoma sindano ya ganzi. Atatoa nyama iliyooza, atasafisha mizizi, ataijaza na kuziba. Jino la nyuma lina mizizi miwili au mitatu, kwa hiyo kazi ni ndefu. Pengine utaambiwa urudi. Rudi, hata kama haliumi!

Uvimbe ukifika shingoni, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje gari la siku ya mnada. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.