Rangi darasani



Juma hili nimepata barua kutoka kwa mama mmoja Mtanzania anayekaa Minneapolis, Marekani. Mwanawe ametimiza miaka sita na ana shule mbili za kumchagulia. Moja ina maktaba kubwa na sifa za mitihani, lakini mtoto atakuwa mweusi peke yake darasani. Ya pili ni ya kawaida tu, na ina watoto wa kila rangi. Mama anauliza kama ni ujinga kuhesabu rangi kabla ya kuhesabu vitabu.

Si ujinga hata kidogo. Hata sisi huku tulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika mpaka zilipounganishwa mwaka 1962. Huko Marekani, Mahakama ya Juu ilikataza ubaguzi katika shule za serikali mwaka 1954, katika kesi ya Brown iliyotoka mji wa Topeka. Lakini mwaka 2007 mahakama hiyo hiyo ilizizuia Seattle na Louisville kumpangia mtoto shule kwa kutazama rangi yake, hata kama nia ilikuwa kuwachanganya watoto. Basi kazi ya kutazama imebaki zaidi kwa mzazi.

Mimi ningeanza na walimu. Mwaka wa masomo 2017/18, katika kila walimu 100 wa shule za serikali za Marekani, weusi walikuwa 7 tu. Watafiti waliofuatilia wanafunzi wa Tennessee waliona kwamba mtoto mweusi aliyefundishwa na mwalimu mweusi hata mmoja kabla ya kumaliza darasa la tatu alikuwa na nafasi zaidi, kwa asilimia 13, ya kuingia chuo. Mwalimu mmoja tu, jamani!

Kisha aulize habari za adhabu. Mwaka huo huo wanafunzi weusi walikuwa asilimia 15 ya wanafunzi wote, lakini asilimia 38 ya waliosimamishwa masomo. Mtoto mtundu ni mtundu popote, ila pengine utundu wa mmoja huitwa uchangamfu na wa mwenzake huitwa ukorofi. Wala asidhani kwamba mwanawe atahesabiwa kando kwa kuwa wazazi wake wametoka Moshi. Mwalimu asiyemjua ataona rangi kwanza.

Lakini mama asidanganywe na hesabu ya langoni. Shule yaweza kuwa na mchanganyiko mzuri kwenye karatasi, kumbe ndani madarasa ya wanaosonga mbele haraka ni ya weupe watupu. Aende mchana, wakati wa chakula, atazame nani anakaa na nani. Apite na darasa lile la juu, ahesabu.

Kwa maoni yangu ampeleke ile ya pili, mradi kusoma na hesabu zinafundishwa sawasawa. Vitabu vinaazimwa; maktaba za miji huko hazitozi kitu. Mtoto wa miaka sita anayegeuziwa macho na darasa zima kila Afrika au utumwa vinapotajwa, hana pa kuazima mwenzake. Kama kuna sababu ya kuchagua ile ya kwanza, basi amwulize mwalimu mkuu uso kwa uso: mtoto akiitwa jina la matusi kwa ajili ya rangi yake, mnafanya nini? Asikilize kama jibu liko tayari, au kama mwalimu anaanza kutafuta maneno.

Fomu asiitie sahihi siku hiyo hiyo.