Presha Bila Maji Haioshi Trekta

Mvua ikinyesha Moiben, tope haliachi mtu. Matatu, boda boda, trekta za mashamba ya ngano na mahindi, zote zinahitaji kuoshwa. Kwa kijana mwenye mashine ya presha, hiyo ni kazi. Shida ni kwamba wengi wakienda kuinunua huuliza kitu kimoja tu: ina presha ngapi?

Uliza pia inatoa lita ngapi kwa dakika. Presha hubandua tope, wingi wa maji huliondoa. Mashine ya baa 150 (kipimo cha presha, si ile ya pombe) yenye lita 6 kwa dakika itabandua tope la trekta, lakini utashinda hapo ukilifukuza. Ya lita 12 kwa presha hiyo hiyo inamaliza haraka, ila inataka maji na nguvu maradufu.

Maji yasipotosha, pampu hufyonza hewa, hutetemeka na kuharibika. Jipime hivi: jaza mtungi wa lita 20 kwa paipu yako. Kama mashine inakunywa lita 10 kwa dakika, mtungi ujae kabla ya dakika 2. Ukichelewa, inua tangi, weka paipu pana, safisha chujio.

Na usifunge nozeli ndogo kusaka presha zaidi. Pampu inaumia, na rangi ya gari inaweza kubanduka. Kwenye bodi tumia nozeli ya digrii 40, usisogee karibu sana. Rangi ikitoka, faida ya wiki nzima inaenda kwa fundi.