Kiingilio cha Mpira Hulisha Michezo Mingi

Wengi wetu tumekwisha kulipa kiingilio ili tuone mpira. Lakini je, tunajiuliza fedha zile za mlangoni zinakwenda wapi? Leo tuwatazame watu wa Marekani. Huko vyuo vikuu vinauza tikiti kama mkulima anavyouza mazao yake.

Mchezo mmoja hulisha mingine

Katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, mchezo unaovuta watu wengi kuliko yote ni mpira wa Kimarekani. Si kandanda tunayoijua sisi. Wachezaji huushika mpira kwa mikono, hukimbia nao na kuangushana. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi za watu zaidi ya 107,000.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Watu 100,000 wakilipa dola 50 kila mmoja, chuo kinapata dola 5,000,000 kwa siku moja tu. Wakicheza nyumbani mara 7, ni dola 35,000,000.

Fedha hizo haziliwi na mpira peke yake. Idara ya michezo hulipa mishahara ya makocha, nauli za timu na ada za masomo za wachezaji. Huendesha pia kuogelea, riadha, tenisi na mieleka. Michezo hiyo haina watazamaji wengi, kwa hiyo mara nyingi haijitoshelezi.

Bei si moja

Anayekaa katikati, mahali pa kuona vizuri, hulipa zaidi kuliko anayekaa pembeni. Siku ya kucheza na mahasimu wa zamani bei hupanda. Tena vyuo vingi vina desturi hii: ukitaka kiti kizuri kwa msimu mzima, kwanza utoe mchango kwa chuo, ndipo uuziwe tikiti. Basi mwenye mfuko mwembamba anasukumwa nyuma, hata kama ameipenda timu hiyo tangu utotoni.

Viingilio si fedha zote. Televisheni nazo huvilipa vyuo vikubwa fedha nyingi. Vyuo vingi vidogo hutegemea ada ya michezo ambayo kila mwanafunzi hutozwa, aende uwanjani asiende.

Mlango ukifungwa

Mwezi wa Agosti 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mashindano ya mpira yaliahirishwa katika vyuo vingi. Chuo Kikuu cha Iowa kikaona fedha zinapotea, kikatangaza kufuta michezo 4: tenisi ya wanaume, jimnastiki ya wanaume, na kuogelea kwa wanaume na kwa wanawake. Waogeleaji walikuwa na kosa gani? Hawakuwa na kosa. Ni mlango wa mpira uliofungwa.

Wanawake hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani kwa kutumia sheria ya 1972 inayokataza kuwabagua wanawake katika elimu. Mwaka 2021 kuogelea kwao kukarudishwa. Wanaume hawakurudishiwa.

Mzigo mpya

Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Wachezaji ndio wanaovuja jasho, na wengi waliona ni haki yao. Lakini fedha hizo zitoke wapi? Chuo Kikuu cha Tennessee kilikwisha kutangaza mwaka 2024 kwamba tikiti za mpira za 2025 zitaongezwa asilimia 10 kwa ajili hiyo. Yaani penye dola 100, mtazamaji anaongeza dola 10.

Kwa hiyo tukisikia kiingilio kimepanda, tuulize mambo matatu. Nani analipa? Fedha inalisha nani? Na mlango ukifungwa, nani atalala njaa? Nyumba ya nguzo moja, nguzo ikitikisika, wote waliomo hutikisika.