Nyumba Nayo Ifungwe Kibwebwe

Akina mama wenzetu, pale Ipagala, jijini Dodoma, kama kwingineko, wengi wetu tunajenga kidogo kidogo. Mwaka huu tofali, mwakani bati. Fedha ikipungua tunaulizana na baba watoto: tupunguze nini? Mara nyingi zinapunguzwa nondo, kwa kuwa mgeni hazioni.

Hebu tukumbuke tunaishi wapi. Dodoma iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Novemba 2002 tetemeko la kipimo cha 5.5 liliutikisa mji huu. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, nyumba nyingi zilibomoka, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Aghalabu kinachoua ni ukuta unaomwangukia mtu.

Ukuta wa tofali hubeba vizuri uzito wa juu, lakini ukisukumwa ubavuni hupasuka na kona huachana. Kwa hiyo nyumba huhitaji lenta inayozunguka kuta zote bila kukatika, na nondo zake zipinde na kufungana kwenye kona. Lenta ya juu ya milango na madirisha peke yake haitoshi. Kama sisi tunavyojifunga kibwebwe kabla ya kazi nzito, nyumba nayo ifungwe. Marumaru zinaweza kungoja. Lenta haingoji, kwa maana ukuta ukishapanda ni vigumu kuirudisha.

Tukiwa kwenye ujenzi, tumwombe fundi atuonyeshe nondo kabla zege halijamwagwa. Tofali za kuchoma zilowekwe maji kabla ya kujengwa, zisinyonye maji ya udongo wa simenti.

Na nyumba tunayoishi tayari? Usipoziba ufa utajenga ukuta: nyufa kubwa za kona aziangalie fundi anayeaminika. Kabati refu lifungwe ukutani. Kitanda cha mtoto kisikae chini ya rafu yenye vitu vizito. Tuwafundishe watoto: ardhi ikitikisika, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, shikilia mguu wa meza mpaka kutulie. Aliye nje akae mbali na kuta. Kukitulia, mama afunge mtungi wa gesi, kisha wote watoke nje.

Jioni ya leo, kabla watoto hawajalala, tuanze na vitanda vyao.