Persephone Katika Roki ya Kigothi

Anayekutana na roki ya kigothi kwa mara ya kwanza, akaona mavazi meusi na makaburi kwenye majalada ya albamu, huwa na hukumu tayari: huu ni muziki wa shetani. Hukumu hiyo imekosea mlango. Shetani ni wa Biblia na Kurani. Wanaotajwa sana katika muziki huu ni miungu wa kike wa Wagiriki, Wasumeri na Waselti.

Mashuhuri kati yao ni Persephone. Wagiriki walisimulia kwamba alikuwa akichuma maua, ardhi ikapasuka, Hades mtawala wa kuzimu akamnyakua. Mama yake Demeter, mwenye mamlaka juu ya mazao, akagoma. Hakuna kilichoota mpaka binti akarudishwa. Lakini huko chini alikuwa amekwisha kula punje za komamanga, kwa hiyo kila mwaka hana budi kurudi kuzimu kwa muda. Wasumeri nao walikuwa na Inanna, aliyeshuka kwa hiari yake, akivuliwa vazi au pambo katika kila lango kati ya malango 7, hadi akasimama uchi mbele ya dada yake Ereshkigal. Akauawa, kisha akahuishwa.

Muziki uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 ukiwa umekitazama kifo usoni ulimhitaji mhusika wa namna hii: anayekwenda kwa wafu na kurudi.

Mwaka 1984 Cocteau Twins wa Scotland, majirani wa karibu wa wagothi, waliweka wimbo uitwao "Persephone" katika albamu ya Treasure. Mwaka 1987 Dead Can Dance, waliotokea Melbourne, waliifunga Within the Realm of a Dying Sun kwa wimbo wa jina hilohilo, na katika kichwa cha wimbo wakaongeza habari ya kuchuma maua, yaani dakika zile za mwisho kabla ardhi haijapasuka. Hakuna kati ya nyimbo hizo inayosimulia kisa kwa maneno ya kueleweka. Elizabeth Fraser, mwimbaji wa Cocteau Twins, huyavunja maneno hata yasishikike; Lisa Gerrard wa Dead Can Dance huimba kwa lugha aliyojibunia. Mungu wa kike anabaki katika jina na katika koo la mwimbaji, na kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika muziki huu.

Wapo wanaosema waziwazi. Inkubus Sukkubus, kundi la Gloucestershire lililoanza 1989, ni wapagani kwa imani, na albamu yao Wytches ya 1994 haifichi hilo. Imani hiyo ni changa kuliko mashabiki wengi wanavyodhani. Robert Graves alimtangaza mungu mmoja wa kike mwenye sura tatu, msichana, mama na mkongwe, katika kitabu The White Goddess cha 1948. Gerald Gardner, aliyeieneza imani hii, akatoa kitabu Witchcraft Today mwaka 1954, miaka 3 baada ya sheria ya uchawi ya Uingereza kufutwa. Mwanahistoria Ronald Hutton alionyesha mwaka 1999 kwamba dini hii ilijengwa hasa katika karne ya 20, japo kwa mawe ya kale. Sioni aibu yoyote hapo. Kila dini ilikuwa na siku yake ya kwanza.

Zitafute "Persephone" hizo mbili, ya 1984 kwanza, uzisikilize ukiwa umeshakijua kisa cha komamanga. Ukimaliza, hukumu mwenyewe.