Sikukuu na Hesabu ya Siku katika Soko la Hisa

Watu wengi hudhani kuwa sikukuu humtendea mwenye hisa kama imtendeavyo mwenye duka, yaani humfungia mlango kutwa moja, na kesho yake akaendelea palepale alipoachia. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Katika soko la hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, na ambalo hufanya kazi tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, siku ya mapumziko huondoa saa 6 za biashara, na juu ya hayo hupenya katika miamala iliyofungwa kabla yake. Na huko ndiko inakowatatiza watu.

Yafaa ifahamike kwamba anunuaye hisa hazitii mkononi papo hapo, wala muuzaji hapokei fedha yake siku ile. Mapatano hufungwa leo, lakini makabidhiano hutimia siku ya 3 ya kazi baada ya leo, na katika hesabu hiyo Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo. Aliyeuza Alhamisi ya juma la kawaida hupata haki yake Jumanne. Walakini akiuza Alhamisi iliyo mkesha wa Ijumaa Kuu, maadamu Ijumaa haihesabiwi wala Jumatatu ya Pasaka haihesabiwi, siku ya kwanza huwa Jumanne, ya pili Jumatano, na fedha humfikia Alhamisi, juma zima baada ya kuuza. Ikiwa fedha hiyo ameiahidi karo ya mtoto, na amlaumu dalali wake apendavyo, haitakuja upesi zaidi.

Atafutaye gawio huhesabu kinyumenyume. Kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari la wenye hisa, na asiyekuwa na jina ndani ya daftari siku hiyo hana fungu. Daftari likifungwa Alhamisi, siku ya mwisho ya kununua ni Jumatatu; lakini Jumatano ikiwa sikukuu, siku hiyo hurudi nyuma hadi Ijumaa ya juma lililotangulia, na wengi hukosa gawio kwa sababu hiyo hafifu.

Sikukuu zenye tarehe maalumu, mathalan Madaraka tarehe 1 Juni na Mashujaa tarehe 20 Oktoba, hazina taabu, kwa kuwa hujulikana tangu mwanzo wa mwaka. Na sheria ya Kenya huihamishia Jumatatu sikukuu iliyoangukia Jumapili, kama ilivyokuwa Siku ya Jamhuri ya mwaka 2021. Idd-el-Fitr ina desturi yake. Tarehe yake hutegemea kuandama kwa mwezi, hata usiku wa kuamkia 30 Ramadhani hilali husubiriwa na waliofunga, na kadhalika na madalali ambao hawakufunga hata siku moja, kwani nao wataka kujua kama kesho kuna kazi. Mimi huona kwamba shaka hii ni ndogo, maana upeo wake ni siku moja na kila mtu huitazamia. Izidiyo kwa uzito ni sikukuu ya ghafla. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Ruto alitangaza kuwa Ijumaa, tarehe 10, itakuwa siku ya mapumziko ya kuwaomboleza waliofariki katika mafuriko na ya kupanda miti. Na aliyeuza Jumanne, kabla ya tangazo, akitumaini fedha Ijumaa, hesabu ya siku za kazi ilimpeleka hadi Jumatatu.

Jambo lazidi kuwa tata pale hisa za kampuni moja ziuzwapo katika nchi mbili. Hisa za KCB zimo Nairobi na zimo Dar es Salaam. Sabasaba na Nane Nane hufunga soko la Dar ilhali la Nairobi li wazi, na Madaraka hufanya kinyume chake. Hata New York, iliyo kongwe kwa tijara hii, haifuati kalenda ya serikali neno kwa neno: soko lake hufungwa Ijumaa Kuu ijapokuwa si sikukuu ya serikali kuu, na hubaki wazi Siku ya Columbus, wakati ofisi za serikali zimefungwa.

Habari, kwa upande wake, haina likizo. Nairobi ikipumzika, London na New York zikiwa kazini, bei ya mafuta yaweza kupanda na sarafu ikateremka, na maagizo ya kuuza yakarundikana yakingoja asubuhi ya kufunguliwa. Soko la Nairobi limeweka mpaka, kwamba bei ya hisa isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja; kwa hiyo hisa ambayo habari za sikukuu zimeiondolea asilimia 15 ya thamani haiwezi kufika kwenye bei yake siku ya kwanza, na auzaye huenda asipate mnunuzi hadi siku ya pili.