"Ioni" si "chumvi"

Hapa Bujumbura wanafunzi wetu wamezoea kutafsiri "ioni" kuwa "chumvi". Sisi hatuafiki. Chumvi ya mezani ikiyeyuka hutengana kuwa ioni za sodiamu na za kloridi. Figo zetu mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Seli za mirija yake hurudisha karibu sodiamu yote, zikitumia milango na pampu (neno "pampu" tunalikubali). Katika ugonjwa wa kurithi wa Gitelman, ulioelezwa mwaka 1966, mlango unaopitisha sodiamu pamoja na kloridi una kasoro. Potasiamu nayo hupotea kwenye mkojo, misuli ikalegea. Mfasiri akiandika "amepungukiwa chumvi" tu, mgonjwa ataongeza chumvi chunguni na potasiamu itasahaulika.